"Kimsingi" si jibu

Mhariri,

Wanaolalamikia maneno ya kujazia katika mazungumzo yetu huanza na "yaani" na "eee". Naona wanamwonea asiye na kosa. Mwaka 2002 wanasaikolojia Herbert Clark na Jean Fox Tree walitoa hoja kwamba miguno ya aina hiyo katika Kiingereza humwarifu msikilizaji kuwa mzungumzaji bado anatafuta la kusema. "Yaani" yetu hufanya kazi hiyohiyo. Kinachodhuru ni kundi jingine: "kimsingi", "mwisho wa siku", "changamoto", "mchakato unaendelea". Hayo hayampi mtu nafasi ya kufikiri, humpa nafasi ya kutojibu. Mkutano mkuu wa kijiji, unaotambuliwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, ndipo mkazi wa Natta anapoweza kuuliza fedha zake zimekwenda wapi. Akiambiwa "kimsingi kisima kimekamilika", ataondoka bila kujua kama maji yanatoka.

Wapo watakaosema lugha hukua, na kwamba Kiswahili kimepokea mengi ya wageni bila kudhurika. Ni kweli, wala siombi BAKITA ipige marufuku neno lolote. Wengine watasema "changamoto" ni adabu, humsitiri mtu mbele ya watu. Adabu naithamini sana, lakini shule isiyo na madawati ina upungufu, na upungufu una idadi. Naomba watangazaji wetu wa redio wakijibiwa "mchakato", waulize palepale: umefika hatua gani, na nani anausimamia?

Msomaji,
Natta, Serengeti