Injini ya Zamani Husema Ugonjwa Wake

Safu hii ya maneno ya kazi leo inaingia gereji. Tunawaomba walimu wetu wavumilie harufu ya petroli, maana ndani ya gereji mna sarufi nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Fundi wa kwetu hasemi kwamba gari ni bovu akaishia hapo. Husema injini inamisi, inachemsha, inakula oili, au haivuti. Kila kitenzi kina mahali pake pa kutazama na kipimo chake. Anayekijua kitenzi amekwisha kumaliza nusu ya kazi. Asiyekijua hununua vipuri kwa kubahatisha: leo plagi, kesho betri, keshokutwa kabureta, na gari liko pale pale.

Tumechagua injini moja ya mfano, A-Series ya Kiingereza. Ilitokea mwaka 1951 katika Austin A30, ikiwa na ujazo wa sentimita 803 tu. Ikaingia katika Morris Minor, ikafikia 948 mwaka 1956, na mwaka 1959 ikalazwa upande kwa upande ndani ya Mini, ikiwa na ujazo wa 848. Mini ya zamani iliendelea kuundwa na injini ya ukoo huo hadi mwaka 2000. Morris Minor ilifika pia Afrika Mashariki, kwa hiyo wapo wazazi na babu zetu walioijua kabla yetu.

Kuna sababu nyingine ya kuichagua. Hapa Uingereza, tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Lakini sheria haikumwondolea mwenye gari wajibu wa kuhakikisha kwamba gari lake ni salama barabarani. Wanachama wetu wanaovutiwa na magari haya waelewe maana yake: huenda asitokee mtu wa kuwaambia kwamba mpira wa petroli umepasuka. Mkaguzi ni wewe, na vyombo vyako vya kwanza ni macho, masikio na pua.

Injini hii inataka mambo matatu tu: mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, mbano wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Ina silinda nne. Katika kila silinda pistoni huvuta, hubana, husukumwa na moto, kisha hutoa moshi. Silinda huwaka kwa zamu ya 1, 3, 4, 2, na ya kwanza ni ile iliyo upande wa mkanda wa feni. Kila ugonjwa utakaoutaja unatokana na moja ya mambo hayo matatu, au na maji na oili vinavyoilinda.

Tuanze na kumisi. Neno lenyewe limetoka Kiingereza, lakini limevaa viambishi vyetu bila haya: inamisi, ilimisi, isipomisi. Halikutaka hata irabu ya mwisho -a, sawa na kukubali na kufikiri. Maana yake ni kwamba silinda moja haiwaki huku nyingine zikiendelea. Gari hutetemeka likiwa limesimama, na moshi hutoka kwa kuruka pigo. Usinunue kitu kwanza. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, uufunge vizuri ncha yake ikigusa chuma cha injini, kisha washa. Usiushike waya injini ikiwa inawaka, kwa kuwa umeme wake ni mkali. Mwendo ukizidi kuharibika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Zima, rudisha waya, nenda kwa inayofuata. Ile ambayo kuchomoa waya wake hakubadilishi chochote ndiyo mgonjwa. Sasa hamisha plagi yake kwa jirani. Ugonjwa ukihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Usipohama, jaribu waya vivyo hivyo. Ukibaki pale pale, tazama vali.

Vali ni 8, na kila moja inahitaji nafasi ya milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Kuna hesabu nzuri hapa: vali namba 1 ikiwa imefunguka kabisa, pima namba 8, namba 2 ikifunguka, pima 7, namba 3, pima 6. Jumla ni 9 daima. Na jambo hili liwakae moyoni: vali inayogonga kidogo ni afadhali kuliko iliyonyamaza kabisa. Ukimya waweza kuwa dalili kwamba nafasi imekwisha, vali haifungi sawasawa, na moto unaipitia pembeni ukiiunguza. Zamani madini ya risasi yaliyotiwa katika petroli yalikinga viti vya vali hizo. Petroli hiyo iliondolewa katika uuzaji wa kawaida hapa mwanzoni mwa mwaka 2000. Injini ambayo viti vyake havijabadilishwa kuwa vya chuma kigumu hupoteza nafasi hiyo upesi zaidi, hivyo ipimwe mara kwa mara.

Sasa kuchemsha. Hapa ndipo desturi ya nyumbani inaweza kutuponza. Dar es Salaam mtu akiona rejeta imepungua, huchota maji ya bomba akaendelea na safari. Hapa majira ya baridi maji matupu huganda, na yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Chuma cha injini hakina pa kukimbilia, hupasuka. Kwa hiyo rejeta itiwe maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, ya aina ifaayo injini za chuma za zamani, na ibadilishwe kila baada ya miaka 2, kwa sababu nguvu yake ya kuzuia kutu huisha. Injini ikichemsha njiani, simama na uzime. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto hata kidogo. Maji yaliyo ndani yamo katika shinikizo na yatakurukia usoni. Ikipoa, tazama mkanda wa feni, mipira ya maji, kisha themostati. Maji yakipungua bila kuvuja nje, na moshi mweupe ukiendelea hata injini ikishapata joto, gasketi ya silinda hedi yashukiwa. Anayeendelea kuendesha katika hali hiyo hugeuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya injini nzima.

Kula oili husomwa katika rangi ya moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka kwa muda mfupi tu unapowasha, shuku sili na mirija ya vali. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta kupanda mlima, shuku ringi za pistoni. Moshi mweusi si oili, ni petroli iliyozidi, na mara nyingi choki haikurudi mahali pake. Injini hizi hutumia oili nzito ya 20W-50. Katika Mini, oili hiyo hiyo hulainisha injini na giaboksi, kwa hiyo huchakaa haraka. Ibadilishe kila baada ya kilomita 5,000 hivi.

Kutovuta ni neno la injini inayowaka vizuri lakini haina nguvu. Tazama pointi zilizomo ndani ya distribyuta, zile zinazofunguka na kujifunga kuamuru cheche. Nafasi yake ni milimita 0.38. Kisigino chake kikilika, nafasi hupungua na cheche huchelewa, pole pole kiasi kwamba dereva hujizoeza udhaifu bila kujua. Kama injini inasita tu pale unapokanyaga mafuta ghafla, fungua kofia ndogo ya juu ya kabureta ya SU na utazame kama oili yake imo. Vijiko vichache vya oili pale vimewaokoa wengi na gharama ya kabureta nzima.

Limebaki moja lisilo na kitenzi, nalo ndilo la hatari kuliko yote: harufu ya petroli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa inaweza kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hula mipira ya zamani. Katika A-Series, kabureta iko upande mmoja na bomba la moshi, tena juu yake. Petroli ikidondoka, hudondokea chuma chenye moto. Kwa hiyo badilisha mipira yote kwa ile inayostahimili ethanoli, na tumia petroli ya daraja la juu isiyozidi asilimia 5 ukiweza. Ukinusa petroli, usisubiri mwisho wa wiki. Zima injini, toka, na gari lisiwashwe mpaka pavujapo papatikane.

Utunzaji wenyewe hauhitaji gereji kubwa. Dakika 10 kila Jumamosi zinatosha: oili kwenye kijiti chake, maji injini ikiwa baridi, mkanda wa feni kwa kidole, mipira kwa macho, na harufu kwa pua. Andika unachokiona katika daftari. Injini inayohitaji robo lita ya oili kwa mwezi si tatizo. Inayohitaji robo lita leo na nusu lita mwezi ujao inakueleza jambo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Injini yenyewe haifichi maradhi yake; anayeficha ni dereva anayeongeza sauti ya redio ili asiisikie.

Kwa toleo lijalo tunaomba msaada wenu. Mafundi wa Mombasa, Unguja, Lubumbashi na Maskati hawasemi namna moja, na wengi walioshika pointi na kabureta kila siku sasa wamestaafu. Mkipiga simu nyumbani, waulizeni wazee: injini ikikohoa asubuhi kabla ya kuwaka, waliitaje? Tuleteeni neno, mji lilikotoka, na ugonjwa uliotajwa nalo. Tutayapanga hapa, kila neno na tiba yake.