Paka wa inje wakati wa baridi

Mwezi wa 5 baridi inaanza kuingia Lubumbashi. Mji wetu uko juu, karibu metre 1 200, na usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 unauma. Ndipo paka wasio na mwenyewe wanaingia mu lupango, wanalala jikoni karibu na mbabula yenye majivu ya moto.

Wengine wanalalamika: «Huyu ni mulozi, mupigeni!» Hapana. Ni nyama anayetafuta joto. Akilia usiku, mara nyingi anaita mwenzake, ao ana njaa.

Mufanye nini? Tieni gunia kavu ndani ya katoni, muiweke mahali upepo haufiki. Mumupe mayi safi, vichwa vya samaki na bukari kidogo. Maziwa yanaweza kumuharisha. Atawalipa kwa kufukuza panya kwenye unga wenu. Lakini musitege sumu: paka akila panya mwenye sumu, naye anaweza kufa.

Batoto wasimushike paka wasiyemujua. Akiuma ao akikwaruza, osheni kidonda palepale kwa mayi na sabuni dakika 15, kisha mukimbie hospitali kwa ajili ya chanjo. Kichaa cha mbwa kinapita kwa paka pia, na dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona.

Vijana, muache mawe. Hapa kwetu hata watoto wameitwa walozi, wakafukuzwa nyumbani. Anayezoea kumuhukumu paka bila ushahidi, kesho atamuhukumu mtoto.