Lugalo: mnara mmoja, wafu wengi

Ukitoka Mafinga kwa basi la Dar es Salaam, ukishaipita Iringa mjini unafika Lugalo. Hapo, Agosti 17, 1891, wapiganaji wa Mtwa Mkwawa walikivamia kikosi cha Wajerumani kikiwa njiani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Kambi ya jeshi ya Lugalo, Dar es Salaam, imebeba jina hilo.

Wajerumani walimjengea Zelewski mnara. Lakini Wazungu waliokufa siku ile ni 10. Waliobaki, mamia, ni askari Waafrika waliovaa sare ya Mjerumani, na wapagazi: watu wa mizigo, wasio na bunduki. Wahehe nao walipoteza watu pale, na tena Kalenga ilipotekwa mwaka 1894.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi akiwa Songea. Tangu hapo suala la mafuvu ya wazee wetu linazungumzwa zaidi. La Mkwawa lilirudi 1954, lipo Kalenga. Mpagazi, je? Hana chifu wa kumdai, wala ukoo unaojua alikofia. Kibao kinachowataja wapagazi pale Lugalo hakihitaji kusubiri Berlin.