Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege: Anzeni na Foleni ya Ukaguzi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,

Ndege ikiondoka Kisumu hufika Nairobi kabla ya saa moja kwisha. Msafiri wa Pap Onditi huwa tayari amepita Ahero, akavuka mji wa Kisumu na kushika barabara ya Busia hadi uwanjani. Huko mzigo wake hupitishwa kwenye mashine mlangoni, kisha hupanga foleni ya kaunta, halafu huvua mshipi, hutoa kompyuta begini na kukaguliwa tena. Muda aliotaka kuuokoa kwa kulipa nauli ya ndege unaishia kwenye foleni. Kwa hiyo, teknolojia mtakayonunua ianzie penye ukaguzi, si kwenye kamera za kutambua nyuso.

Pasipoti za kielektroniki za mwaka 2017 na kibali cha mtandaoni kilichochukua nafasi ya viza Januari 2024 havimpunguzii foleni anayesafiri ndani ya nchi, kwa kuwa hapiti uhamiaji. Kamera nayo itamwokolea sekunde chache tu za kuonyesha kitambulisho. Kinachomchelewesha ni mzigo. Zipo mashine zinazopiga picha ya begi kutoka pande zote. Uwanja wa London City ulipozifunga mwaka 2023, abiria waliacha kutoa kompyuta begini.

Wapo watakaosema haraka itahatarisha usalama. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Westgate na Garissa, hakuna Mkenya anayeuchezea. Lakini siombi ukaguzi upunguzwe. Naomba afisa apewe mashine inayoona zaidi. Wengine watasema mitambo huzimika, na wana haki: usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea nchini na uwanja wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Basi jenereta zitangulie, na kaunta yenye mhudumu ibaki kwa ajili ya mzee mwenye simu ya mulika mwizi. Kamera za nyuso, kwa upande wake, zina deni la kisheria. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha uzinduzi wa kadi za utambulisho za Huduma kwa sababu athari kwa data za watu hazikutathminiwa kwanza, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyotaka.

Kabla ya kutangaza zabuni yoyote, pimeni abiria wa Kisumu anachukua dakika ngapi kutoka mlangoni hadi chumba cha kusubiri, mtangaze hesabu hiyo hadharani. Mashine zikishafungwa, pimeni tena.

Wenu,
Mkazi wa Pap Onditi, Nyakach