Mende: Sumu Peke Yake Haitoshi

Baba mfanyakazi, mama wa nyumba, tusemezane ukweli. Usiku ukiwasha taa jikoni, mende wanakimbilia nyuma ya kabati. Kesho yake unanunua sumu kwenye soko la Kenya, unamwaga, wengi wanakufa, unafurahi. Baada ya wiki chache wamerudi. Unasema sumu ni mbaya. Mimi ninasema: hatumjui adui wetu.

Mende mdogo wa jikoni, jike moja hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40. Kifuko hicho huyakinga mayai, sumu haiyafikii vizuri. Ndiyo maana wanarudi. Mchana mende hujibana katika mwanya mwembamba, penye joto na unyevu. Bila chakula anaweza kuishi karibu mwezi mmoja. Bila maji hufa mapema zaidi. Basi maji ndiyo silaha yetu.

Mende hutoka chooni akapita juu ya bukari yako, na miguu yake hubeba vijidudu vya kuharisha. Kinyesi chake na ngozi anazovua hugeuka vumbi linaloamsha pumu, hasa kwa watoto. Nawe baba unayetoka mgodini na vumbi kifuani, je, unahitaji vumbi lingine nyumbani?

Tena sumu yenyewe ni hatari. Nimepokea mtoto aliyekunywa dawa ya mende iliyowekwa katika chupa ya limonadi. Alipona, lakini mama yake alilia usiku mzima. Sumu isiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Kimbia naye kwa waganga, na chupa mkononi.

Fanyeni hivi: osheni vyungu kabla ya kulala, unga ukae katika chombo chenye kifuniko, kausheni maji, tengenezeni robine inayovuja, tupeni makartoni ya zamani, zibeni nyufa kwa simenti. Sumu ije mwisho, na irudiwe baada ya wiki chache kwa watoto wa mende walioanguliwa.

Neno la mwisho: wengi wanaficha mende kwa haya. Mende hupita ukutani kwenda kwa jirani, naye humrudisha kwako. Ongeeni, chagueni siku moja kwa mstari mzima wa nyumba. Aibu si kuwa na mende; aibu ni kumfuga kwa kunyamaza.