Tumwulize Mungu mbele ya kuchagua njia



Tangu M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, swali moja linazunguka katika makanisa yetu ya mashariki: Mungu anasema nini? Watu wanauliza kama wabaki ao waondoke. Wanauliza kama shamba la Masisi ao la Rutshuru litalimwa tena, kama mtu auze kiwanja chake, kama binti aliye chuoni arudi nyumbani. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya kigeni wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani huko Washington. Tarehe 4 Desemba marais wa inchi hizo mbili walikutana hukohuko kuyathibitisha. Siku chache tu baadaye vita viliingia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Basi si ajabu waamini wakitafuta sauti iliyo juu kuliko ile ya redio.

Kutafuta uongozi wa Mungu ni jambo jema. Sisi wachungaji tungesikitika kama watu wangeacha kuuliza. Lakini tunaona hatari moja ambayo haisemwi sana. Kuna upofu wa mtu asiyejua Mungu anataka nini. Huyo anaweza kusaidiwa. Upofu mwingine ni wa mtu aliyekwisha kuamua, ambaye anakwenda kwa Mungu kutafuta baraka tu juu ya uamuzi wake. Huyo anasali sana, hata anafunga, lakini hawezi kuona.

Siku kumi za Yeremia

Kitabu cha Yeremia, sura ya 42, kinaeleza watu waliokuwa katika hali ambayo sisi tunaifahamu. Yerusalemu imeanguka. Gedalia, aliyewekwa na Wababeli kuwa liwali, ameuawa. Waliobaki wanaogopa kisasi, nao wamekusanyika karibu na Bethlehemu wakiwa tayari kwenda Misri. Wakubwa kwa wadogo, pamoja na Yohanani mwana wa Karea, wanamwendea nabii na kumsihi awaombee, ili Bwana awaonyeshe njia ya kwenda na jambo la kufanya. Wanaapa kwamba watatii, jibu liwe zuri ao baya.

Yeremia hakujibu palepale. Alingoja siku kumi. Katika hofu ya vita siku kumi ni nyingi sana, na nabii wa uongo angekuwa amekwisha kusema saa ileile. Neno lilipokuja, lilikuwa hili: wabaki katika inchi, wasimwogope mfalme wa Babeli. Lakini watu wakamwambia Yeremia kwamba amesema uongo, na kwamba Baruku ndiye aliyemchochea. Wakaenda Misri, hata wakamchukua Yeremia pamoja nao.

Tukisoma kwa makini, tunaona kwamba mwishoni mwa sura ya 41 safari ya Misri ilikuwa imekwisha kupangwa. Ombi lilikuja nyuma ya uamuzi. Kwa hiyo Yeremia aliwaambia kwamba walijidanganya nafsi zao wenyewe. Hawakuwa na upungufu wa nabii wala wa maombi, lakini moyo wao ulikuwa na jibu moja tu lililokubaliwa.

Misri ileile

Mtu asichukue sura hiyo na kuwaambia waliokimbia kwamba wametenda dhambi. Maandiko hayaturuhusu kusema hivyo. Katika Matayo sura ya 2, malaika anamwambia Yusufu aamke usiku, amchukue mtoto na mama yake, akimbilie Misri. Inchi ni ileile. Kwa Yohanani kwenda huko kulikuwa uasi; kwa Yusufu kulikuwa utii. Angalia pia kwamba Yusufu hakuambiwa tarehe ya kurudi. Aliambiwa akae mpaka atakapoambiwa.

Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kubandika mlangoni mwa kanisa, kwamba mwamini wa kweli hubaki, ao kwamba mwenye akili huondoka. Familia iliyotoka Bulengo ao Kanyaruchinya wakati kambi zilipovunjwa, na familia iliyovuka Rusizi na watoto mgongoni, hazina deni la kueleza imani yao mbele ya yeyote. Na mchungaji aliyebaki na wazee na wagonjwa asijione kuwa ameshinda wengine kwa utakatifu. Kila mmoja atajibu mbele ya Bwana kama aliuliza kweli, na kama alisikia.

Manabii wa tarehe

Katika miji yetu vita vimeleta pia soko la maono. Tumesikia tarehe nyingi za mwisho wa vita, na nyingi zimekwisha kupita bila aliyezitangaza kuomba msamaha. Tumesikia sauti zilizorekodiwa zikitumwa kwa WhatsApp usiku, zikisema mtaa fulani utaungua, na watu wakalala njiani. Wengine wanaomba pesa kwanza, kwa M-Pesa ao Airtel Money, ndipo mtu aelezwe njia ya mwanawe.

Jambo hili si jipya. Katika Yeremia 28, Hanania alitangaza hekaluni kwamba katika miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa. Ulikuwa ujumbe mtamu, na ulipendeza kila aliyekuwa na ndugu uhamishoni. Yeremia mwenyewe alisema Amina, akitamani iwe hivyo. Lakini halikuwa neno la Bwana, na waliolitegemea walipoteza muda ambao wangeutumia kujenga nyumba na kupanda bustani, kama barua ya sura ya 29 inavyoagiza.

Tena kuna maono yanayoua. Katika Kivu ya Kusini wamama wazee wameuawa kwa sababu mwonaji fulani aliwataja kuwa wachawi. Waliowaua walifikiri wameonyeshwa na Mungu. Hatuwezi kuliita jambo hilo imani iliyozidi kidogo. Ni giza linalojiita nuru.

Watu kama miti

Marko 8 inasimulia habari ya kipofu wa Bethsaida. Yesu alimwekea mikono, akamwuliza kama anaona kitu. Mtu yule alisema anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Yesu hakumwacha hapo. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona kila kitu sawasawa.

Makanisa mengi ya mashariki yamesimama kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Tumeokoka, tunaona mwangaza, lakini watu bado ni kama miti. Msemaji wa Kinyarwanda akipita, hatuoni fundi ao mwalimu ao mjane, tunaona adui. Kijana Mnande, Mhunde ao Mshi akisimamishwa barabarani, wengine wanaona mpiganaji wa Wazalendo tu. Katika Ituri ni Mhema na Mlendu. Mtu anahukumiwa kwa pua yake, kwa jina lake, kwa lafuzi yake, kisha Jumapili tunaimba kwamba sisi ni mwili mmoja.

Mtu anayemwona jirani yake kama mti atapata uongozi gani? Akiuliza Mungu juu ya safari ao kazi, swali lake limekwisha kupindwa na jicho lake. Yohana wa kwanza anafundisha katika sura ya 2 kwamba anayemchukia ndugu yake anatembea gizani, wala hajui aendako. Kwa hiyo njia haionekani kwa sababu chuki imefunika jicho, hata kama tungeongeza siku za kufunga.

Je, kuona hivyo ni kufunika maovu? Hapana. Mwenye macho anaona pia damu. Waamini zaidi ya 40 waliuawa usiku wa ibada huko Komanda, Ituri, mwezi wa Julai 2025, mikononi mwa ADF. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 iliandika matukio 617 ya maovu makubwa katika inchi yetu kati ya 1993 na 2003, na wengi wa waliotajwa humo hawajapata haki hadi leo. Amani inayokataa kuwaona wafu hao ni ile ambayo Yeremia aliikemea, ya kufunga kidonda juujuu. Lakini kosa lina mtendaji wake. Kabila zima halikutia sahihi.

Elisha alipokuwa Dothani, aliomba mtumishi wake afumbuliwe macho, naye akaona mlima umejaa magari ya moto. Tunapenda kuhubiri sehemu hiyo. Mara chache tunaendelea kusoma 2 Wafalme 6 mpaka Samaria, ambapo maadui Washami wapo mkononi, mfalme anataka kuwapiga, na nabii anaagiza wapewe mkate na maji, warudi kwao. Mwenye kuona magari ya moto ndiye aliyeweza kuweka meza. Vikosi vya uvamizi vikaacha kuja. Sura hiyohiyo inaonyesha kwamba baadaye vita vilirudi, kwa hiyo hatusemi kwamba meza moja inamaliza kila kitu. Lakini wanawake na watoto waliopata kulala katika kipindi kile hawakukiona kuwa kidogo.

Kanisa na mazungumzo

Januari 2025 maaskofu Wakatoliki wa CENCO na Kanisa la Kristo katika Kongo, ECC, walileta pendekezo la mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani na kuishi vema pamoja, linalojulikana kama Pacte social. Februari wajumbe wao walikutana na viongozi wa AFC/M23 mjini Goma, kisha na Rais Kagame Kigali. Wengi waliwalaumu, wakasema wamekwenda kuwapa adui heshima.

Hatusemi kwamba kila mstari wa pendekezo lile umetoka mbinguni. Mwamini anaweza kulipinga kwa hoja. Lakini tujiulize: kwa nini tunaomba amani kila Ijumaa ya maombi, kisha tunakasirika mtu akienda kuitafuta kwa mdomo? Pengine tunataka Mungu alete amani bila sisi kumsikia tusiyempenda. Hapo tumerudi kwa Yohanani: tumeuliza, lakini jibu moja tu ndilo linaloruhusiwa.

Tufanye nini?

Kwanza, tuulize mbele ya kuamua. Familia ikae pamoja, baba, mama na watoto wakubwa, kila mmoja aseme kwa uwazi ni jibu gani anaogopa kusikia. Mara nyingi hofu hiyo ndiyo inayoziba sikio.

Pili, tuulize pamoja na wengine. Katika Matendo 15 mitume na wazee walisikia mashahidi, wakarudi katika Maandiko, ndipo wakaandika barua. Wamama na vijana wasikilizwe pia, siyo wachungaji peke yao.

Tatu, tupime. Paulo anaagiza katika 1 Wakorinto 14 kwamba manabii wakisema, wengine wapambanue. Neno linalouzwa, linalomtaja jirani kuwa mchawi, ao linalochochea kabila juu ya kabila, lisipewe mikro kanisani.

Nne, habari nazo zipimwe. Mbele ya kutuma sauti ya WhatsApp, tuulize nani amesema, lini, na nani ameona. Uongo uliotumwa na mwamini bado ni uongo.

Tano, tutii lile tunalolijua tayari. Hatuhitaji maono ili kujua kwamba mjane wa jirani ana njaa, ao kwamba mgeni aliyelala chini ya paa la shule anahitaji sufuria na blanketi. Wengi wanangoja nuru ya kilometa mia, na hawajapiga hatua moja katika nuru iliyo miguuni pao.

Yesu aliwaambia Mafarisayo, katika Yohana 9, kwamba dhambi yao inakaa kwa sababu wanasema wanaona. Kipofu aliyekuwa akiomba njiani ndiye aliyetoka na macho. Tukubali basi kusema mbele za Bwana kwamba hatuoni vizuri, kwamba watu bado ni miti machoni petu, na kwamba tunahitaji mkono wake mara ya pili.

Bwana awalinde ninyi mlio Goma, Bukavu, Uvira, Butembo, Beni na Bunia, na wale walio katika njia. Atupe moyo wa kungoja siku kumi, na ujasiri wa kutii siku ya kumi na moja. Amina.