Chunjua ya Unyayo na Chupa ya Karafuu



Yako maradhi yasiyomlaza mtu kitandani wala kumpatia ruhusa kazini, lakini humfanya ahesabu kila hatua. Mchukuzi wa Soko la Mbuyuni hapa Moshi, mama anayeteremka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi kichwani, mwanafunzi wa bweni anayeoga bafu moja na wenzake. Yeyote kati yao aweza kuamka siku moja akahisi amekanyaga changarawe isiyotoka. Hiyo ni chunjua ya unyayo, ambayo wengine huiita sundosundo.

Chanzo chake ni kirusi, si uchafu wala husuda ya jirani. Hupenya katika mikwaruzo midogo ya ngozi, hasa penye sakafu yenye majimaji na katika kandambili za kuazimana.

Miongoni mwa dawa za nyumbani zinazosifiwa ni mafuta ya karafuu. Huko Pemba mafuta haya hupatikana kwa kupitisha mvuke katika makonyo ya karafuu. Ndani yake mna yujenoli, kitu kinachotia ganzi. Ndiyo maana matabibu wa meno wameyatumia kwa miaka mingi. Na hapa, msomaji, ndipo penye mtego. Mtu hupaka, maumivu hupungua, naye husema amepona. Kutuliza si kuponya. Haijathibitishwa kwamba mafuta haya huondoa chunjua. Na nyingi hutoweka zenyewe, hasa kwa watoto, japo huenda ikachukua mwaka mmoja au miwili.

Basi kabla ya kufungua chupa, kaa penye mwanga uuchunguze unyayo wako. Sugu ya kawaida huacha mistari ya ngozi ipite juu yake, chunjua huikatiza. Chunjua huuma zaidi ukiibana kwa pembeni, na mara nyingi huwa na vidoa vidogo vyeusi. Wengi huviita mizizi, wakavichimba kwa wembe. Kumbe ni vijishipa vya damu iliyoganda! Wembe huo hueneza kirusi na kufungua njia ya vidonda.

Ukitaka kujaribu mafuta, usiyapake makali yalivyo, kwani huunguza. Changanya tone 1 katika kijiko 1 cha chai cha mafuta ya nazi. Paka kidogo mkononi, ngoja siku nzima; pakiwasha, acha. Pasipowasha, loweka mguu katika maji ya vuguvugu kwa dakika 10, sugua taratibu kwa jiwe lako mwenyewe, kausha, kisha paka juu ya chunjua peke yake. Mtoto mdogo asipakwe, na chupa iwekwe mbali naye, maana akiyanywa ni sumu. Dawa yenye ushahidi bora zaidi ni asidi ya salisiliki ya dukani, ambayo hupakwa kila siku kwa wiki hadi 12.

Lakini wako wasiopaswa kujitibu nyumbani kabisa. Mwenye kisukari, au yeyote ambaye nyayo zake zimekufa ganzi, aweza kuunguza mguu asihisi, na kidonda kidogo kikamgharimu mguu mzima. Vivyo hivyo, doa jeusi linalokua, linalobadili rangi au kutoa damu lisipakwe chochote. Kwa sisi watu weusi, saratani kali ya ngozi iitwayo melanoma hupenda zaidi nyayo na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani hiyo, iliyoanzia katika kidole gumba cha mguu.

Wakazi wa Moshi tuna bahati. Katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kufundishia matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Si vema basi kumpeleka hospitali mgonjwa wa tumbo, kisha mguu tukauachia chupa ya sokoni.

Jioni ya leo, wakati wa kuoga, watazame watoto nyayo zao. Mtazame na babu, ambaye hawezi tena kuinama kuziona zake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na unyayo, kwa jinsi ulivyo chini, hujificha hata bila kufichwa.